Damu ya Ngisi na Nadhiri ya Bi Sevasti

Kila Kwaresima ilipoingia, Pandelis mvuvi aliigawa meza yake ya samaki pale gatini pande mbili, akaweka katikati ubao mwembamba uliopakwa rangi ya buluu. Upande wa kushoto walilala wenye damu: dagaa, vibua, na kila chenye mapezi na magamba. Upande wa kulia walikaa wasio na damu: ngisi, pweza, kamba, na kome waliofumba vinywa vyao kama mashahidi wasiotaka kuitwa mahakamani. Upande wa kushoto haukuguswa na mwenyeji yeyote mpaka Pasaka, isipokuwa paka, ambao hawakubatizwa. Upande wa kulia watu walisukumana.

Ndivyo walivyorithishana wazee wa kisiwa cha Leros. Mfungo ukiingia, nyama huondoka mezani, na maziwa, na mayai, na samaki nyuma yao. Ila ngisi na jamaa zake hubaki, kwa kuwa hawana damu. Dagaa, aliye chakula cha fukara, amekatazwa. Ngisi, anayenunuliwa kwa kilo na mwenye nazo, ameruhusiwa. Wala hakuna aliyeliona hilo kuwa ajabu, kama vile mtu asivyoona ajabu kwamba mlango wa nyumba yake unafungukia ndani.

Basi Jumanne moja asubuhi, Bi Sevasti aliinama juu ya upande wa kulia wa meza ile, miwani puani, akichagua ngisi kwa uangalifu wa mtu anayechagua mkwe. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minane, mjane wa kakake Pandelis, mfupi, mweusi wa mavazi tangu kiatu hadi kitambaa cha kichwa, na kijiji kizima kilikubali kwamba hapakuwa na mkono mwingine uliojua kujaza ngisi wali, vitunguu na zabibu kavu kama mkono wake.

"Huyu macho yake yamelala, shemeji," alisema. "Nipe yule anayenitazama."

"Wote wanakutazama," Pandelis akamjibu. "Wanakujua. Wewe ndiye kaburi lao."

"Pima, acha maneno. Hii ni Kwaresima ya saba, na zimebaki siku kumi na tisa tu. Nikiimaliza, nadhiri yangu imekwisha, na Jumapili ya Pasaka nitakula mwanakondoo mpaka mkanda ukatike."

Habari ya nadhiri hiyo haikuwa siri; Bi Sevasti aliisimulia hata kwa wageni wanaoshuka melini. Binti yake Areti alikaa miaka tisa katika ndoa bila mtoto. Madaktari wa Athene walimpa dawa, wakampa na tarehe, wakampa na pole. Ndipo mama yake alipopanda kwa magoti ngazi zote za kanisa la kilimani, akaahidi mbele ya picha ya Mama Mtakatifu. Mwezi uliofuata Areti alichukua mimba, na mtoto aliyezaliwa, Panayota, sasa alikuwa anakaribia miaka sita na hakuna kiti kijijini ambacho hakukipanda.

"Uliahidije hasa?" aliuliza Pandelis, ambaye aliyajua maneno yale lakini alijua pia kwamba mteja anayezungumza huongeza ngisi wa tatu.

Bi Sevasti akanyooka, akaweka mkono kifuani. "Neno kwa neno: 'Mama, nipe mjukuu, nami Kwaresima saba kiumbe chenye damu hakitapita kooni mwangu, mkubwa wala mdogo, wa nchi kavu wala wa majini.' Na hakijapita."

Nyuma yake mtu akakohoa.

Alikuwa ni Mwalimu Efthimis, aliyefundisha sayansi Athene miaka thelathini kisha akarudi kijijini kwao kustaafu, pamoja na mkewe Klio na makasha kumi na manne ya vitabu. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi. Alikuwa na kasoro moja tu: hakuweza kupita mbele ya kosa bila kulisahihisha, kama wengine wasivyoweza kupita mbele ya picha iliyokaa upande bila kuinyoosha.

"Samahani, Bi Sevasti," alisema. "Ngisi ana damu."

Pandelis akacheka hata ndoano zikalia katika mfuko wake. "Mwalimu! Mimi nimepasua ngisi miaka hamsini. Wino nimeuona, uti wake ule wa kioo nimeuona, na vidagaa alivyokula jana nimeviona. Damu? Hata tone."

"Umepasua kwa kisu cha kuuzia, si kwa kisu cha kujulia. Ana damu, na ana mioyo mitatu ya kuisukuma."

"Mitatu! Mke wangu analalamika sina hata mmoja, na ngisi anayo mitatu?"

"Mitatu. Na huioni damu yake kwa sababu si nyekundu. Ni ya buluu."

"Ya buluu! Kama bendera yetu! Basi ningekuwa nikimpasua nasimama wima na kuvua kofia!"

Watu wakaanza kukusanyika, maana katika kijiji cha watu mia mbili kicheko ni kengele. Mwalimu hakukasirika. Alieleza kwa utaratibu kwamba kanisa halikukosea kumtenga ngisi na samaki. Sokoni huuzwa meza moja na samaki na kwenye vyakula vya bahari huandikwa pamoja nao, lakini kwa asili yake si samaki kabisa. Hana mfupa wala gamba, na ukoo wake ni ule wa konokono.

"Umesikia, shemeji?" alisema Pandelis akimfungia ngisi wake katika karatasi. "Si samaki. Mwalimu mwenyewe amesema. Haya, chukua, nenda kajaze wali."

Lakini Bi Sevasti hakunyoosha mkono. Uso wake ulikuwa umebadilika kama ukuta uliopitiwa na kivuli.

"Mimi sikuapa juu ya samaki," alisema polepole. "Niliapa juu ya damu."

Akageuka, akaenda zake, akaacha ngisi watatu juu ya mizani, na hilo halikuwahi kuonekana gatini tangu gati lilipojengwa.

Klio akamtazama mumewe. "Efthimis."

"Nimesema kweli tu."

"Ndiyo, bwana. Na sasa kimbia nayo uone utaiweka wapi."

Siku ile Bi Sevasti alipika dengu, akazila kimya, na kila kijiko kilimuuliza swali. Alijaribu kukumbuka ngisi aliokula katika Kwaresima zile saba. Alianza kwa vidole, akaja kwa punje za maharage, mpaka meza ikajaa punje na yeye bado yuko Kwaresima ya tatu. Akazifagia zote kwa kiganja. Ikiwa mwalimu amesema kweli, basi hakuna nadhiri aliyoitimiza hata siku moja. Mama Mtakatifu alitoa mtoto taslimu, naye amekuwa akimlipa kwa ngisi. Na kama ni kuanza upya, Kwaresima saba nyingine zingemfikisha miaka themanini na mitano, umri ambao katika ukoo wake ulifikiwa na mtu mmoja tu, naye alikuwa kasisi asiyekuwa na wasiwasi wowote duniani.

Kesho yake asubuhi Areti alimwita mama yake apande juu. Panayota alikuwa kitandani, uso umewiva, mwili umetapakaa vipele vidogo vyekundu.

Bi Sevasti akashika nguzo ya kitanda. "Yamekwisha anza."

"Yapi yameanza, mama? Ni tetekuwanga."

"Kwa nini leo? Kwa nini asipate wiki iliyopita? Jana nimejua, leo mtoto ana vipele!"

"Mama, nusu ya darasa wanayo. Mtoto wa mwenye duka la mikate anayo. Mapacha wa posta wanayo. Wote hao bibi zao wamekula ngisi?"

"Wote wamekula ngisi," alisema Bi Sevasti kwa huzuni, na hilo lilikuwa kweli.

Areti alishindwa kujizuia, akacheka. Mtoto naye akacheka kwa kuwa mama amecheka, kisha akauliza kama leo kutakuwa na minyiri ya kukaanga. Minyiri, ile mikono myembamba ya ngisi, ndiyo chakula chake. Alikuwa akiizungusha vidoleni kama pete kabla ya kuila. Bibi yake akambusu juu ya utosi mahali pasipokuwa na kipele, akajifunga kitambaa, akashika njia ya kanisani.

Padri Savvas alikuwa juu ya ngazi akibadilisha balbu ya mlangoni, joho limekunjwa kiunoni, ndevu zimejaa vumbi. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti nene, mwana wa mvuvi, na kabla ya kuvaa joho alikuwa amevua bahari hiyo hiyo kwa mashua hiyo hiyo ya Pandelis. Kutoka nyumbani kwake, ng'ambo ya ua, alikoishi na mkewe, kwani mapadri wa kanisa lao huoa, ilikuja harufu ya mkate na mdalasini, na chini yake harufu nyingine iliyomfanya Bi Sevasti asimame.

"Padri, mkeo anapika nini?"

"Ngisi," alisema Padri kutoka juu. "Kwa divai."

"Shuka, Padri. Shuka kabla hujala."

Akashuka, akasikiliza yote akiwa ameketi juu ya kidato cha chini cha ngazi. Hakucheka, ingawa ndevu zake zilitikisika mara moja bibi yule alipofika kwenye mioyo mitatu. Bi Sevasti alipomaliza, alisema, "Sasa niambie, Padri. Nimevunja au sikuvunja? Na kama nimevunja, naanza saba nyingine, au nalipa kwa namna nyingine? Niambie wazi. Mimi si mtoto. Lakini usiniambie 'Mungu ni mwema' halafu uniache na wasiwasi wangu. Najua kwamba ni mwema. Ndiyo maana naona haya."

Padri akakuna shavu. Hilo la 'Mungu ni mwema' ndilo hasa alilotaka kulisema.

"Bi Sevasti," alisema, "mimi sihukumu kwa habari za gatini. Efthimis ni msomi, lakini msomi naye hukosea. Mwaka jana alituambia kwamba hakutanyesha, na kukanyesha. Jumamosi mchana, Pandelis alete ngisi aliye hai. Mwalimu ampasue mbele yetu, atuonyeshe hiyo damu. Ikionekana, nitasema neno. Isipoonekana, utarudi jikoni kwako na mwalimu atarudi vitabuni kwake."

"Na mpaka Jumamosi?"

"Kula dengu."

"Na wewe, Padri?"

Padri alitazama upande wa nyumba yake, akavuta harufu ile, akaitoa polepole kama mtu anayemsindikiza mgeni. "Na mimi dengu," alisema.

Jumamosi mchana gati lilijaa. Waliokuja kwa ajili ya Bi Sevasti walikuwa wachache. Wengi walikuja kwa ajili ya vyungu vyao. Wamiliki wa mikahawa miwili walisimama mbele kabisa, mikono kifuani, kwa sababu nusu ya chakula chao cha Kwaresima kilikuwa upande wa kulia wa ubao wa buluu. Mtengeneza mikate alisema kwamba ikiwa ngisi atahamia upande wa kushoto, yeye atahamia dini nyingine. Mkewe akampiga kwa kitambaa.

Pandelis alileta ndoo ya maji ya bahari, na ndani yake ngisi mmoja mzuri, mwenye urefu wa mkono, akibadilika rangi kwa hasira kutoka nyeupe hadi nyekundu ya matofali.

"Huyu nimemvua alfajiri," alisema. "Mwalimu, tafadhali mheshimu. Ana mioyo mingi."

Klio alikuwa ameleta sahani nyeupe ya kaure kutoka seti ya harusi yao, akiapa kwamba ikivunjika atavunja na nyingine juu ya kichwa cha mtu fulani. Mwalimu Efthimis akakunja mikono ya shati lake jeupe, akavaa miwani, akashika kisu kidogo chembamba. Akamtoa ngisi ndooni. Na ngisi, ambaye hakuwa ameulizwa maoni yake, akatoa wino wote aliokuwa nao.

Nusu ulimpata mwalimu kifuani. Nusu ulimpata Padri Savvas, aliyekuwa ameinama aone karibu; ndevu zake, zilizokuwa na mvi kwa miaka kumi, zikarudi ujanani kwa pigo moja.

"Haya, damu hiyo tumeiona!" alipiga kelele Pandelis. "Nyeusi! Twende tukale!"

Ilichukua muda watu kunyamaza. Mwalimu hakujifuta hata. Alimfisha ngisi kwa haraka na ustadi, akamsuuza, akampasua kwa urefu, akafunua utando mwembamba kama karatasi ya vitunguu, na kwa ncha ya kisu akaonyesha: moyo mmoja katikati, na miwili midogo, mmoja kila upande, kwenye mashina ya mashavu anayopumulia. Mikubwa kwa midogo, yote haikufikia punje ya zabibu. Watu wakasogea. Hata Pandelis aliondoa kofia yake, na safari hii hakuwa akitania.

"Miaka hamsini," alinong'ona. "Miaka hamsini nawatupa pamoja na utumbo."

Mwalimu akatoboa. Maji maji yakachuruzika juu ya kaure, machache, angavu, kama maji ya kawaida.

"Hayo ni maji," alisema mwenye mkahawa wa kwanza.

"Maji matupu," alisema wa pili, nao walikuwa hawajasemezana tangu uchaguzi.

"Subirini," alisema mwalimu. "Ikipata hewa itageuka buluu. Hafifu, lakini itageuka."

Wakasubiri. Kila mmoja akainama kwa zamu juu ya sahani. Mtengeneza mikate alisema haoni kitu. Mkewe alisema haoni kitu. Mapacha wa posta, waliokuwa na vipele na hawakupaswa kuwapo, walisema hawaoni kitu na hakuna aliyewauliza. Mmoja alisema labda kuna ubuluu kidogo, lakini ni kivuli cha ule ubao. Mwingine akasema ni mbingu imejiangalia katika sahani. Padri Savvas aliinama muda mrefu, wino ukimdondoka, akasema kwa uaminifu kwamba macho yake ni ya mtu wa miaka sitini na yanaona jambo ambalo huenda ni buluu na huenda ni njaa.

Mwalimu akawa mwekundu. "Ipo! Mnaitazama!"

"Wewe unaiona kwa sababu umeisoma," alisema Pandelis. Kisha akamgeukia shemeji yake, akamwita kwa upole. "Njoo, Sevasti. Uone mwenyewe ulivyoogopeshwa bure."

Bi Sevasti alikuwa amekaa juu ya kasha la samaki, mikono juu ya mapaja. Akainuka. Watu wakampisha njia. Kabla ya Krismasi alikuwa amepelekwa hospitali ya Rodo, wakamtoa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Na tangu siku ile alikuwa akiwashangaza majirani kwa rangi alizoziona. Ukuta wa jiko lake, alioudhani kwa miaka ishirini kuwa wa rangi ya maziwa, aliukuta ni samawati, akamlilia marehemu mumewe aliyeupaka. Hakuna jicho kijijini lililokuwa jipya kama lake.

Akaivua miwani, akainama juu ya sahani.

Ilikuwa pale. Kando ya kaure, mahali majimaji yalipokuwa membamba, palikuwa na rangi ya anga la alfajiri kabla jua halijaamua, buluu laini mno, tulivu mno, wala haikuwa ya ubao wala ya mbingu. Aliitazama, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne hakuogopa. Alifikiri tu: umevificha vitu vizuri, Bwana.

Pandelis alikuwa karibu na sikio lake. "Shemeji," alinong'ona, "watu wote wamesema hakuna. Sema hakuna, mambo yaishe. Nani atakuuliza?"

Naye alijua kwamba hiyo ni kweli. Neno moja, na Kwaresima saba zinarudi mahali pake, nadhiri imetimia, na wiki mbili zilizobaki zina wali na zabibu kavu. Gati zima lilikuwa likimngoja aliseme.

"Ipo," alisema Bi Sevasti.

Mtu akaguna. Mwenye mkahawa wa kwanza akafumba macho.

"Ipo, ni ya buluu, na mwalimu amesema kweli." Akajinyoosha, mkono kiunoni. "Mkewe mwalimu, njoo uichukue sahani yako. Na wewe Padri, umeahidi neno. Lilete."

Padri Savvas alijifuta ndevu kwa leso, akazidisha kuzichafua. Waliomjua waliona kwamba hakuwa akitafuta maneno, bali alikuwa akiyapunguza.

"Siku uliyopanda ngazi kwa magoti," alimwuliza, "ukasema 'chenye damu'. Damu kwako ilikuwa nini?"

"Damu ni damu. Ya mbuzi. Ya kuku. Ya samaki ukimkata shingo. Ya kidole changu nikikosea kisu."

"Nyekundu."

"Nyekundu, ndiyo. Nani alijua kuna nyingine?"

"Basi hiyo ndiyo uliyoiapia. Kiapo hupimwa kwa ulimi ulioapa na desturi ya watu wake, hakipimwi kwa vitabu vya mtu aliyekuwa Athene. Na aliyekusikia siku ile si mwalimu wa sayansi. Ni mama. Mama husikia mtoto anachokusudia. Kwaresima sita zimepokewa, na hii ya saba imepokewa mpaka mchana huu. Huanzi upya kitu chochote." Akainua mkono uliojaa wino. "Na kwa kijiji, hapabadiliki kitu. Baba zetu waliposema 'damu' walisema ile ile uliyoisema wewe. Ngisi anabaki upande wa kulia."

Kelele iliyopanda hapo iliwarusha shakwe wote kutoka mlingotini. Wenye mikahawa wakakumbatiana, kisha wakakumbuka uchaguzi wakaachana. Bi Sevasti hakupiga kelele. Alikuwa ameketi tena juu ya kasha, na Klio, aliyekuwa karibu, aliona kwamba anafuta macho yale mapya kwa ncha ya kitambaa.

"Basi, shemeji!" alisema Pandelis. "Nikupimie wangapi?"

"Hakuna."

"Vipi hakuna? Padri amekuruhusu!"

"Ameniruhusu, Mungu ambariki. Wengine hawakuona, waendelee. Mimi nimeona." Akakunja leso yake mara nne. "Zilizopita zilikuwa za kutojua, na zimepokewa, nashukuru. Lakini siwezi kumwambia Mama Mtakatifu kwamba sijui tena. Siku kumi na tano ni kitu gani? Nimewahi kumsubiri fundi wa bomba siku nyingi zaidi."

Mwalimu Efthimis akamwendea, shati jeusi upande mmoja kama ubao wa darasani. "Bi Sevasti," alisema kwa sauti ndogo, "ningelijua uzito wake Jumanne ile, ningelinyamaza."

"Ungenyamaza ungekuwa mwalimu wa nini? Ila nitakwambia jambo moja, mwanangu. Siku nyingine ukitaka kumwambia mtu kweli, mwache kwanza amalize kununua."

Mchana ule walikula pale pale gatini. Pandelis aliwasha jiko la gesi, akakaanga ngisi kwa mafuta ya zeituni mpaka harufu ikapanda kijiji kizima. Kutoka roshani ya Areti ikaja sauti kali: homa ilikuwa imemwacha Panayota tangu Alhamisi, na sasa ugonjwa wake ulikuwa ni kuchoka kukaa ndani.

"Bibi! Niletee minyiri! Minyiri kumi, ya vidole vyote!"

"Kumi!" alisema Bi Sevasti. "Hata ngisi mwenyewe hakupewa zaidi ya hiyo ya kuchezea." Lakini alichagua kwa mkono wake ile iliyokauka vizuri zaidi, akaikamulia limau, akampa Areti aipeleke juu, akamtazama mpaka alipoingia mlangoni. Kisha akageukia meza, njaa imempata, akavuta mbele yake sahani ya kome waliofunguka kwa mvuke.

Mkono wake ukasimama hewani. Akamtazama mwalimu.

Mwalimu Efthimis alikuwa na kipande cha mkate kinywani. Aliacha kutafuna. Alimtazama mkewe, na mkewe alimtazama kama mtu anayemwona mwingine pembezoni mwa kisima. Alimtazama Padri, na Padri alikuwa akiichunguza bahari kwa makini.

"Mwalimu," alisema Bi Sevasti, "usiseme neno. Uso wako umekwisha nijibu."

Akaisukuma sahani ile kwa Pandelis, akavuta bakuli la maharage meupe. Akachovya kijiko, akakisimamisha.

"Na maharage?"

"Maharage hayana, Bi Sevasti!" alisema mwalimu kwa furaha ya mtu aliyefunguliwa kamba. "Hata tone! Naapa kwa—"

"Usiape!" walipiga kelele wote kwa pamoja, na Klio akamjazia mdomo mkate.

"Mwacheni," alisema Bi Sevasti, akila. "Yatosha mwenye nadhiri mmoja kwa kijiji kimoja. Nipitishieni chumvi."